Sidi Mubaraka Bombay: Maisha ya Kiongozi wa Njia, na Matumizi Yake Darasani

Walimu wengi wa Historia hulifikia somo la wapelelezi wa Kizungu wakiwa wamekwisha kuchoka nalo. Majina hukaririwa, mishale huchorwa juu ya ramani kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, mtihani hufanywa, na mambo yote husahauliwa kabla ya likizo. Nasi wakufunzi tuna lawama yetu katika jambo hili, kwa maana ndivyo tulivyowafundisha wanachuo kulifundisha. Katika makala hii tumeonelea tulichukue somo hilo kwa upande wa mtu aliyewatangulia wapelelezi hao njiani, ambaye vitabu vingi vya zamani vilimtaja kwa mstari mmoja au havikumtaja kabisa.

Tunalo kusudi jingine pia. Ukizisoma safari zile kwa makini utaona kwamba, kwa siku nyingi sana, wale waliosifiwa kwa kuyaona maziwa na mito walikuwa watu wasiojiweza: mmoja haoni, mwingine hawezi kusimama kwa miguu yake, na yule asiyeona akawa kiziwi wa sikio moja juu ya hayo. Walifika kwa sababu waliongozwa na kubebwa. Mwalimu mwenye mtoto asiyeona darasani mwake, au mwenye mtoto anayemwongoza mtu asiyeona nyumbani kwao, atapata hapa jambo la kuzungumza na wanafunzi ambalo halipatikani katika mishale ya ramani.

Sidi Mubaraka Bombay alizaliwa yapata mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, upande wa mpaka wa sasa wa Tanzania na Msumbiji. Mama yake alifariki yeye angali mdogo. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, kundi la wafanyabiashara wenye bunduki lilifika kijijini kwao likidai deni la bidhaa. Watu wakakimbia, na waliokamatwa wakafungwa pamoja. Hakumwona baba yake tena. Alitembezwa mpaka pwani ya Kilwa, akauzwa kwa nguo, na hatimaye akawa mali ya mfanyabiashara wa Kihindi aliyemvusha bahari hadi Gujarat. Majina tunayomjua kwayo ni ya ng'ambo: Sidi ni neno ambalo Wahindi waliwaita watu wenye asili ya Afrika, na Bombay ni mji ambao leo unaitwa Mumbai. Alitumika huko miaka mingi. Bwana wake alipokufa aliachwa huru, akarudi Unguja. Habari hizi alizisimulia mwenyewe njiani, na John Hanning Speke akazitia katika kitabu chake cha mwaka 1864.

Mwezi Februari mwaka 1857 Bombay alikuwa askari wa Sultani wa Unguja katika boma dogo la Chogwe, karibu na mto Pangani. Hapo ndipo walipopita Richard Burton na Speke, wakijaribu miguu yao kabla ya safari kubwa ya bara. Burton alikuwa hodari wa lugha na alikijua Kiarabu vizuri. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Alijua Kihindi kidogo alichojifunza jeshini India, nacho kilikuwa kibovu. Na Kihindi cha Bombay kilikuwa kibovu vilevile, lakini vile vibovu viwili vilielewana. Tunawaomba walimu wasilipite jambo hili upesi. Miaka ya utumwa, ambayo hakuna anayeweza kuitakia mtu, ndiyo iliyompa Bombay kitu ambacho Speke hakuweza kutembea hatua moja bila ya kuwa nacho, yaani ulimi.

Msafara ulianza kutoka Kaole mwishoni mwa Juni 1857. Tarehe 7 Novemba ulifika Kazeh, mji wa wafanyabiashara Waarabu katika Unyanyembe, palipo karibu na Tabora ya leo. Wasomaji wetu wa mkoa huu hawahitaji kuelezwa njia hiyo. Babu zao ndio walioichimba kwa nyayo. Wanyamwezi walibeba pembe na nguo kati ya maziwa na pwani tangu zamani, wakawa na desturi zao za safari zilizofuatwa kama sheria. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi, amevaa nguo ya kumtambulisha, na bendera mkononi au begani. Hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kumtangulia. Aliyethubutu alitozwa faini. Kirangozi alijua maji yako wapi, kijiji kipi kinadai hongo kubwa, na mahali gani watu hawapaswi kulala. Bombay hakuwa kirangozi kwa maana hiyo. Wakati huo alikuwa mtumishi wa Speke na mbeba bunduki wake. Lakini desturi ile aliiona kila siku, na tunaamini alijifunza kwayo kwamba kuongoza ni kazi yenye heshima yake na malipo yake, isiyofanywa na yeyote anayepita tu.

Baada ya kuondoka Kazeh kuelekea magharibi, maradhi yaliwashika wote wawili. Mwezi Januari 1858 miguu ya Burton ilikufa ganzi, ikawa mizito kama magogo. Akawa wa kubebwa katika machela, na ilimchukua karibu mwaka mzima kuweza kutembea vizuri tena. Speke naye alipata ugonjwa wa macho uliomfunika kabisa nuru, asiweze kusoma wala kuandika wala kuona mtu aliye mbele yake ila kama kivuli. Kwa hiyo msafara ule ambao kwenye ramani ya darasani ni mshale ulionyooka, ulikuwa kwa kweli ni mtu asiyeweza kutembea na mtu asiyeweza kuona, wakipelekwa na watu wazima wa viungo ambao majina yao hayakuandikwa, isipokuwa wachache.

Tarehe 13 Februari 1858 walipanda kilima chenye mawe na miiba karibu na Ujiji. Juu ya kilima Burton aliona mbali, kati ya miti, mstari unaometameta, akamwuliza Bombay ni kitu gani. Bombay akamjibu kwamba, kwa maoni yake, yale ni maji. Hivyo ndivyo Ziwa Tanganyika lilivyoingia katika vitabu vya Ulaya, ingawa watu wa Ujiji walikuwa wakivua dagaa ndani yake tangu enzi na enzi. Speke, aliyekuwa hapohapo, hakuona ila ukungu na mng'ao wa jua. Alisafiri miezi saba na nusu kuja kuliona ziwa, naye akasimama mbele yake asilione.

Tumewahi kuwasimulia wanachuo kisa hiki bila ya kuwaambia kwanza kwamba Speke alikuwa haoni, kisha tukawauliza ni nani aliyeliona ziwa. Majibu yalikuwa mengi na mabishano yalikuwa makubwa. Mmoja alisema Burton. Mwingine alisema Bombay, kwa kuwa kuona si kupokea nuru machoni tu bali ni kujua unachokiona. Wa tatu alisema wavuvi. Ndipo tulipowaeleza habari ya macho ya Speke, na darasa likanyamaza kidogo. Tunawashauri walimu wafuate utaratibu huohuo. Ukianza kwa kusema kwamba Speke alikuwa kipofu, watoto watamwonea huruma mara moja, na huruma ikiingia mapema fikira husimama.

Mwezi Machi mwaka huohuo Speke, macho yake yakiwa yamepata nafuu kidogo, alivuka ziwa kwenda kisiwa cha Kasenge kutafuta jahazi la kukodi. Usiku mmoja mende wadogo waliingia hemani mwake, mmoja akamwingia sikioni, akamchokora kwa kisu kumtoa. Sikio likavimba na kutunga usaha, na kwa miezi kadhaa lilikuwa kiziwi. Sasa Bombay alikuwa jicho, sikio na ulimi wa mtu mmoja.

Walirudi Kazeh mwezi Juni. Burton akabaki kuandika na kupumzika. Speke akaondoka na Bombay mwezi Julai kuelekea kaskazini, kulitafuta ziwa ambalo Waarabu walisema ni kubwa kuliko la Ujiji. Njia hiyo inatuhusu kwa karibu, maana ilikata nchi ya kaskazini ya Tabora, katika mbuga na vilima ambavyo mtu wa Nzega au wa Ziba angevitambua hata leo. Macho ya Speke hayakuweza kuvumilia mwanga wa kiangazi, akavaa miwani ya rangi ya kijivu. Watu wa vijijini, ambao hawakuwa wameona kitu kama hicho, waliinama kuchungulia chini ya vioo waone kilichofichwa. Wakasongamana hata ikambidi aivue, akatembea akiwa amekunja uso kwa maumivu. Kila mwalimu aliyewahi kumwona mtoto mwenye miwani minene akizungukwa na wenzake siku ya kwanza shuleni anaijua picha hiyo. Tarehe 3 Agosti walisimama juu ya kilima karibu na Mwanza na kuliona ziwa. Tarehe 25 Agosti walikuwa Kazeh tena.

Safari ya pili, ya Speke na James Grant, ilianza mwaka 1860, na safari hii Bombay alikuwa mmoja wa wakuu wa msafara. Walipofika Karagwe kwa Mfalme Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861, mguu wa Grant ulipata kidonda kikubwa na maumivu makali asiweze kuukanyaga. Speke alimwacha huko akaenda Buganda mwezi Januari 1862. Grant alilala ndani ya nyumba kwa miezi, kisha akabebwa kwa machela kumfuata. Wote walifika Cairo mwaka 1863, Bombay akiwa miongoni mwa wachache waliovumilia toka pwani ya Unguja hadi bahari ya kaskazini.

Hapa hatuna budi kusema jambo lisilopendeza. Siku moja njiani Bombay alibishana na Speke juu ya amri ambayo yeye aliiona haifai, na Speke akampiga ngumi za uso mbele ya watu waliokuwa chini yake. Henry Stanley, aliyemwajiri miaka kumi baadaye, aliona pengo la meno ya mbele na akaandika kwamba ni kazi ya ngumi ya Speke. Stanley mwenyewe hakuwa mpole zaidi. Alimwadhibu kwa fimbo na akaandika juu yake maneno ya dharau mengi. Wala hatutaki kumfanya Bombay kuwa malaika. Alipenda pombe, aligombana na wenzake kwa wivu wa cheo, na Cameron, ambaye tutamtaja hivi punde, alimwona kuwa mlegevu siku ambazo nidhamu ilihitajiwa. Mtu aliyeteuliwa na safari nne kubwa, zenye mabwana wanne tofauti, lazima alikuwa na kitu ambacho dharau zao hazikuweza kukiondoa.

Jambo hilo la kukataa amri linatupeleka kando kidogo. Katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika watu wasioona huongozwa na mbwa waliofundishwa. Shule ya kwanza ya kufundisha mbwa wa namna hiyo ilifunguliwa mjini Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Marekani ilifuata mwaka 1929, na Uingereza mwaka 1931. Watu wengi hudhani kwamba mbwa huyo anajua njia na kwamba asiyeona hukokotwa tu nyuma yake. Sivyo. Anayejua njia ni yule asiyeona. Yeye ndiye anayeamuru kwenda kushoto, kulia au mbele, na mbwa humwepusha na shimo, nguzo na gari. Lakini mbwa hufundishwa jambo moja gumu kuliko yote: kukataa. Bwana wake akimwamuru avuke barabara na gari linakuja, mbwa husimama, hata akivutwa. Mbwa asiyeweza kukataa hapewi kazi hiyo, na mbwa anayekataa kwa wakati wake haadhibiwi. Wafundishao mbwa wameelewa jambo ambalo Speke hakulielewa.

Kwetu mbwa wa namna hiyo ni nadra mno. Kumfundisha kunagharimu fedha nyingi, na katika nyumba nyingi za Waislamu mbwa halali ndani kwa sababu ya twahara. Wageni wale wa njia ya Tabora walikuwa na mbwa wao. Stanley alikuja na Omar kutoka India, akafa njiani kabla ya Tabora, na Cameron alikuwa na Leo. Lakini hao walikuwa walinzi wa hema na wenzi wa upweke. Anayemwongoza asiyeona katika nchi yetu ni binadamu, na mara nyingi sana ni mtoto.

Turudi kwa Bombay. Mwaka 1871 alikuwa mkuu wa askari wa Stanley, wakafika Kwihara, karibu na Tabora, mwezi Juni. Wakaingia katika vita vya Waarabu na Mirambo vilivyofunga njia. Wakazunguka kusini hata wakamkuta Livingstone Ujiji. Mwaka 1873 aliongoza msafara wa Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kumpelekea Livingstone msaada. Walipofika Kwihara mwezi Agosti, homa iliwalaza Wazungu wote watatu. Kisha Cameron akapofuka, kama Speke alivyopofuka miaka 15 kabla yake, na kwa wiki kadhaa hakuona. Mwezi Oktoba, akiwa amelala dhaifu, zilimfikia habari kwamba Livingstone amekufa na kwamba watumishi wake wanauleta mwili kwa miguu kuelekea pwani. Mwenzake, Daktari Dillon, hakuumaliza mwezi Novemba. Ni katika nyumba zile za Kwihara, ambazo mwalimu wa Tabora anaweza kuwapeleka wanafunzi wake kwa matembezi ya nusu siku, Bombay alipokutana kwa mara ya pili na kiongozi wa safari asiyeona. Tunapenda kufikiri kwamba safari hii alijua la kufanya bila kuambiwa.

Cameron alipopona aliendelea mbele, na Novemba 1875 msafara ulitokea pwani ya Atlantiki katika nchi ya Angola. Bombay alikuwa amevuka bara zima, bahari hadi bahari. Mwaka 1876 Chama cha Jiografia cha Uingereza kilimpa malipo ya uzeeni, baada ya kumtunukia nishani ya fedha kwa kazi yake ya awali. Alikaa Unguja hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1885, akiwa na umri wa miaka 65 hivi. Hukadiriwa kwamba alitembea katika Afrika zaidi ya kilometa 9,000, sehemu kubwa kwa miguu.

Sasa tuseme jinsi tulivyoyatumia maisha haya darasani. Baada ya masimulizi, tunawagawa wanafunzi wawili wawili na kuwafundisha namna ya kumwongoza asiyeona, kama inavyofundishwa katika vyuo vya elimu maalumu. Anayeongoza hamshiki mwenzake wala kumsukuma mgongoni. Humtolea mkono, na asiyeona ndiye anayeushika juu kidogo ya kiwiko, akafuata nusu hatua nyuma. Kwa njia hiyo mwili wa kiongozi wenyewe humwambia kama kuna kupanda au kushuka. Penye ngazi, kiongozi husimama na kusema. Penye kiti, huuweka mkono wa mwenzake juu ya egemeo, akamwacha akae mwenyewe. Na anapoondoka huaga, ili asimwache mtu akizungumza na hewa. Kosa hili hufanywa na watu wazima wenye elimu kila siku.

Walimu wengine hupenda kuwafunga watoto kitambaa machoni ili waonje upofu. Sisi hatulipendi sana zoezi hilo. Mtoto aliyefungwa macho dakika tano huonja hofu, wala haonji ustadi wa mtu aliyeishi bila kuona miaka kumi. Hutoka hapo akiamini kwamba kutoona ni kujigonga na meza. Kama shule ina mwanafunzi asiyeona, ni afadhali yeye ndiye asimame mbele awafundishe wenzake jinsi anavyotaka kuongozwa. Mkoa wetu hauna ugeni katika elimu hii: shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, miaka 13 baada ya shule ya wasioona ya Buigiri kule Dodoma, na Shule ya Furaha hapa Tabora imepokea wasioona kwa miaka mingi.

Tulilijaribu somo hili katika shule moja ya upande wa Ziba, tulipokuwa tukiwakagua wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo aliyefundisha alisimulia habari za Bombay vizuri, ingawa aliharakisha mno Karagwe. Kisha akauliza ni nani anayeweza kueleza kazi za kiongozi wa mtu asiyeona. Darasa lilikaa kimya. Halafu mvulana wa dawati la nyuma, wa darasa la tano, alisimama, akaeleza kwa muda mrefu kuliko tulivyotazamia.

Alisema kwamba yeye humwongoza bibi yake, mzaa mama, aliyepofuka kwa ugonjwa wa vikope. Hushika ncha moja ya fimbo, bibi akashika ncha nyingine. Fimbo nyeupe bibi alipewa, lakini masika yakija, udongo mweusi wa mbugani huing'ang'ania, haifai. Humwambia bibi ni nani anayekuja kabla hajafika, ili bibi awahi kumsalimu kwa jina lake na asionekane mtu asiye na adabu. Gulioni humwambia noti ni ya kiasi gani, lakini bibi anapopatana bei ya karanga yeye hunyamaza, kwa sababu biashara ni ya bibi. Bibi akimwambia waivuke barabara kuu na lori linakuja, hasogei, hata bibi akigomba. Njia za kwenda kila mahali bibi anazijua kuliko yeye.

Baadaye tuliomba kuliona daftari la mahudhurio. Mbele ya jina lake, kila Alhamisi, ambayo ndiyo siku ya gulio, palikuwa na alama ya utoro, na katika muhula ule Jumanne nazo zilikuwa zimeanza kufuata. Mwalimu wa darasa alikuwa na haki ya kuandika hivyo, maana mtoto hakuwapo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaja bibi yake, na shule ina orodha ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu ambayo hupelekwa wilayani. Lakini mvulana huyu anaona, anasikia na anatembea, kwa hiyo hakuwamo katika orodha yoyote isipokuwa ile ya watoro.

Kamati ya shule ililizungumza jambo hilo mara mbili tulipokuwa bado huko. Kikao cha kwanza kilipotea katika swali la kama mzazi aitwe na kuonywa, na mzazi gani, maana mama wa mtoto alikuwa akifanya kazi mbali. Katika kikao cha pili mama mmoja muuza dagaa, jirani wa yule bibi, alisema kwamba yeye pia huenda gulioni kila wiki, na njia ni moja. Mwenyekiti alimwuliza kama anajua kumwongoza mtu asiyeona. Akasema hajui, lakini kuna anayeweza kumfundisha. Basi jioni tatu mfululizo mtoto yule alimfundisha mama mzima, bibi akiwa mwamuzi, na tunasikia kwamba bibi alikuwa mkali.

Alhamisi iliyofuata mvulana alikuwa darasani, katika kipindi cha Hisabati. Alikuwa akitazama dirishani mara kwa mara, na mwalimu akamkemea mara mbili. Kengele ya mapumziko ilipogonga alikuja kwetu mbio kuomba ruhusa. Kulikuwa na mtaro mpya uliochimbwa wiki ile kando ya daraja dogo, na alikuwa amesahau kumwambia muuza dagaa. Mwalimu wa zamu akamruhusu. Alirudi kipindi cha tatu kikiwa kimeanza, anahema, vumbi hadi magotini, akaenda kukaa mahali pake.